Shajara ya mradi: kuitambua sarafu ya Kirumi isiyo na hata neno moja la Kilatini

Naiandika hii kwa ajili ya wadau wanaoanza kukusanya sarafu za kale na hawajui waanzie wapi. Kila hatua ikiisha naongeza chini, pamoja na kilichogoma na pesa iliyotoka. Yale ya kawaida nitayapitia haraka, palipokwama ndipo nitakapokaa.

11 Januari 2025: nimeinunua

Nimeipata kwenye maonyesho ya sarafu huku Uingereza ninakoishi, kwenye trei iliyobandikwa lebo "Kirumi, shaba, karne ya 4". Paundi 24. Muuzaji akanipa na nyingine bure, imelika kabisa haina hata sura, nikaichukua kwa sababu nilishajua nitahitaji ya kufanyia majaribio.

Yenyewe ni ya kahawia iliyoiva, ina madoa ya kijani. Mbele kuna mwanaume anaangalia kulia, ndevu fupi, kavaa taji la majani na kamba za taji zinaning'inia kisogoni. Nyuma kuna tai amesimama, kashika kitu cha duara mdomoni, pembeni yake kuna alama mbili tatu ambazo kwa sasa sizielewi. Maandishi yapo kuzunguka kichwa ila yamejaa uchafu mgumu.

Vipimo: upana milimita 20, unene karibu 4, yaani ni nene kweli, ukiishika unaisikia. Mizani ya jikoni ilisema gramu 8 basi, haijui habari za koma, kwa hiyo nikaagiza ile ndogo ya kupimia dhahabu, paundi 11, ikaja na 7.84. Anzeni na mizani kabla ya kitu kingine chochote, baadaye mtaona kwa nini.

18 Januari: njia mbili zimegoma

Ya kwanza ni kupiga picha kwa simu na kuitafuta kwa picha mtandaoni. Haikusaidia. Inaleta vifungo vya makoti, medali, sarafu za Kigiriki, sarafu za juzi juzi zenye tai. Simu inaona kitu cha duara cha kahawia chenye ndege, imeishia hapo.

Ya pili ni OCRE, ile kanzidata ya bure ya sarafu za dola ya Kirumi inayosimamiwa na American Numismatic Society. Ni kazi nzuri sana, inaanzia kaisari Augusto mwaka 31 kabla ya Kristo inakwenda hadi Zeno aliyefariki 491, unachagua kaisari, unachagua picha ya nyuma, inakuletea. Nikachagua tai, nikachagua karne ya 4, halafu ya 3, nikapitia ukurasa baada ya ukurasa na hakuna hata moja yenye unene ule na tai yule. Kuna tai kibao, lakini wengi wako kwenye sarafu za makaisari waliokwisha kufa na kutangazwa miungu, na zile zina maandishi mengi ya Kilatini upande wa nyuma. Yangu nyuma haina sentensi.

Lakini jioni hiyo haikupotea, maana mizani ilisema kitu. Shaba za kawaida za miaka ya 330, zile za kaisari Constantine na wanawe zenye askari wawili na bendera katikati, ni nyembamba, zina kama milimita 17 na uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Yangu inazidi mara tatu. Kwa hiyo lebo ya "karne ya 4" nimeiweka pembeni, sitaitumia tena mpaka sarafu yenyewe iniambie hivyo.

26 Januari: kusafisha

Hapa ndipo sarafu nyingi zinapouawa kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Ushauri unaozunguka sana ni siki na limau. Nikaijaribu siki kwenye ile ya bure, nikaiacha usiku mzima. Asubuhi ngozi yote ya kahawia imeondoka, imebaki shaba ya rangi ya waridi, ina vishimo vishimo, na ule uvuli kidogo wa herufi uliokuwepo umeondoka na ngozi. Hii ndiyo sababu ya kutogusa asidi ya aina yoyote: kwenye shaba ya kale maandishi mara nyingi yamebaki kwenye ile ngozi tu, chini yake shaba yenyewe imeshaliwa. Ukiitoa ngozi umefuta maandishi.

Mafuta ya zeituni nayo yanasifiwa. Nayo nimeyajaribu kwenye hiyo hiyo ya bure, yanalainisha kidogo ila yanaacha utelezi unaonasa vumbi, na kuyatoa tena ni kazi nyingine. Sijaendelea nayo.

Kilichofanya kazi ni maji yasiyo na chumvi, yale wanayouza ya kujazia pasi ya mvuke, paundi 2 kopo zima. Unaloweka, unabadilisha maji yakichafuka, unasugua kwa mswaki laini, halafu unachokonoa kwa kijiti cha meno (cha mti, sio sindano, sindano inachora mstari ambao hautafutika milele). Inachosha na inakwenda polepole. Doa la kijani kilichokolea na gumu niliacha, kinachotakiwa kuwahiwa ni ile kijani mpauko inayomomonyoka kama unga, ile ni ugonjwa wa shaba na inaendelea kula. Yangu haina, nashukuru.

9 Februari: taa

Imekauka, nimeiweka mezani, bado sioni kitu. Lenzi ya sonara ya paundi 7 inakuza tu ile ile giza. Nikahangaika na taa ya dari, nikahangaika na dirisha, picha zote zinatoka bapa.

Dawa yake ilikuwa kuzima taa zote na kulaza tochi ya simu mezani kabisa ili mwanga upite juu ya sarafu kutoka ubavuni. Hapo herufi zikaanza kuinuka. Ukingo wa kulia, mbele ya uso, nikapata C, halafu kitu kama E ya mviringo, halafu B. Kabla yake O na C.

OC CЄB. Nikahangaika nalo kwa Kilatini muda mrefu, hakuna neno la Kilatini linaloisha hivyo. Ni Kigiriki. Hiyo C sio C, ni S ya Kigiriki ilivyoandikwa zama zile, na CЄB ni kifupi cha Sebastos, yaani ndio "Augusto", cheo cha kaisari, kwa Kigiriki. Sarafu ya kaisari wa Roma imeandikwa kwa Kigiriki, maana yake imetengenezwa mkoani mashariki, na OCRE kumbe haizihusu kabisa hizi, yenyewe ni ya sarafu za dola zenye Kilatini. Za mikoa zina mradi wake, Roman Provincial Coinage, na kazi yake ipo mtandaoni bure pia.

Halafu zile alama pembeni ya tai: upande mmoja kuna L, imesimama vizuri kabisa. Na hiyo L ndiyo iliyofungua mlango wote. L mbele ya herufi nyingine kwenye sarafu nene namna hii ni alama ya "mwaka", na waliokuwa wakiandika hivyo kwa mazoea ni watu wa Misri, kiwanda cha Iskandaria. Hii ni tetradrakma ya Iskandaria, yaani sarafu ya drakma nne, drakma ni pesa ya Kigiriki.

Wacha niseme kidogo hapa kwa sababu jambo lenyewe limenikamata. Roma iliichukua Misri mwaka 30 kabla ya Kristo lakini haikuiingiza kwenye pesa yake. Misri ikaendelea na pesa yake ndani ya mipaka yake, mfanyabiashara akiingia na pesa ya nje anabadilishiwa. Tetradrakma zikaanza tena chini ya kaisari Tiberio zikiwa na fedha ndani, kila kizazi fedha ikapunguzwa, hadi kufika miaka ya 270 ni shaba yenye harufu tu ya fedha. Kaisari Diocletian ndiye aliyezifuta mwishoni mwa miaka ya 290, na kuanzia hapo Iskandaria ikapiga sarafu za Kilatini kama miji mingine, zenye herufi ALE chini. Hii Misri ndiyo ile ile ambayo wafanyabiashara wake wa Bahari ya Shamu walikuwa wakishuka hadi kwetu, yule mwandishi wa Periplus, kitabu cha mwongozo wa safari za baharini cha karne ya 1, anaitaja Rhapta kama soko la mwisho la pwani ya Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki. Sarafu yangu ni ya baadaye sana kuliko safari hizo, lakini nchi ni ile ile.

23 Februari: jina na mwaka, mara ya kwanza

Sasa njia imekuwa fupi. Kabla ya OC kuna herufi moja yenye mgongo ulionyooka na tumbo mbele. Nimeisoma B. BOC.

Ukipitia majina ya makaisari wa karne ya 3 kama yanavyoandikwa kwenye sarafu za Iskandaria, wengi wanaishia na NOC, IOC, ΛOC. Anayeishia na BOC ni mmoja, ΠPOBOC, Probus, aliyetawala 276 hadi 282. Maandishi yake kamili ni A K M AVP ΠPOBOC CЄB, yaani Mtawala Kaisari Marcus Aurelius Probus Augusto.

Mwaka: baada ya L naona herufi yenye miguu miwili iliyokutana juu. Hapa ndipo kizungumkuti, maana Kigiriki kinatumia herufi kama namba. A ni 1, B ni 2, Γ ni 3, Δ ni 4, Є ni 5, inaendelea. Miguu miwili iliyokutana juu inaweza kuwa A, inaweza kuwa Δ, tofauti ni mstari upo wapi, katikati au chini. Chini kuna uchafu. Nimeandika Δ na alama ya kuuliza.

Na kumbukeni mwaka wa Misri haukuanza Januari, ulianza mwishoni mwa Agosti. Kaisari akiingia madarakani Julai, "mwaka wa kwanza" wake unaisha Agosti hiyo hiyo na wa pili unaanza. Kwa hiyo mwaka wa 4 wa Probus unaanza Agosti 278 unaisha Agosti 279, wala sio 280 kama utahesabu kwa vidole kutoka 276.

15 Machi: bahasha

Nilikuwa nimemuandikia muuzaji nikimuomba karatasi yoyote ya ilikotoka. Sio usumbufu, ni lazima. Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale kwa sheria namba 117 ya mwaka 1983, kwa hiyo kitu cha Misri kisicho na historia ya kabla ya hapo kinaweza kuwa kimechimbwa na wezi juzi, na mimi sitaki kitu hicho nyumbani kwangu hata kiwe kizuri vipi. Ulizeni, na mkiona muuzaji anazungukazunguka acheni.

Amenitumia bahasha ndogo ya karatasi iliyokuja na kundi lile aliponunua mkusanyo wa mtu, imefifia, wino wa bluu, imeandikwa kwa mkono, ina tarehe ya 1971. Nimefurahi sana. Ila bahasha inasema: Iskandaria, Carus, mwaka 1.

Carus! Nikakaa chini. Carus ndiye aliyemfuata Probus, alitawala kutoka 282 hadi 283 akafariki akiwa vitani upande wa Uajemi. Jina lake kwa Kigiriki ni KAPOC, na ile P ni R. POC na BOC, tofauti ni tumbo moja la chini kwenye herufi iliyolika. Na kwa sababu Carus alitawala muda mfupi, mwaka 1 ndio unaomfaa. LA. Kwa hiyo usomaji wa bahasha unashikana vizuri kabisa, POC na A, kama ule wangu wa BOC na Δ unavyoshikana. Herufi mbili mbovu, na zote mbili zinaenda pamoja upande wowote utakaouchagua.

Carus pia ni adimu kuliko Probus na bei yake iko juu. Hilo ndilo lililonifanya nitake ushahidi mzito zaidi, kwa sababu jina lenye bei ni rahisi kulipenda.

22 Machi: kuzungusha taa

Kwanza niliweka karatasi nyembamba juu ya sarafu na kupitisha penseli polepole, njia ya zamani. Giovanni Dattari, Muitaliano aliyekaa Cairo na kuchapisha mwaka 1901 orodha kubwa ya sarafu za Iskandaria, zake zilichorwa kwa penseli namna hiyo. Kwenye yangu imetoa tai na mstari wa kidevu, herufi hakuna, zimeshuka mno. Imegoma.

Kilichotoa jibu ni hiki, na kama mtachukua kitu kimoja tu kwenye shajara nzima chukueni hiki. Simu imekaa juu ya rundo la vitabu ikiangalia chini, haisogei. Sarafu haisogei. Kinachosogea ni tochi peke yake, imelala mezani, inapiga kutoka saa 12 kamili, halafu saa 1, saa 2, kuzunguka duara zima kama akrabu ya saa, kila hatua picha. Halafu unazipitisha haraka haraka kwenye skrini. Mstari uliolala sambamba na mwanga hauonekani, mwanga ukiukata kwa pembeni unaibuka wenye kivuli. Ndio maana mtu anaweza kuiangalia sarafu maisha yake yote chini ya taa moja na asiuone mstari uliopo.

Nikaanza na mwaka. Kwenye picha zote zenye mwanga wa kutoka kushoto na kulia, ile herufi ni miguu miwili tu. Mwanga ukitoka chini, upande wa miguu ya tai, unaibuka mstari mwembamba unaounganisha nyayo za miguu hiyo miwili, umenyooka, unaishia kwenye nyayo zenyewe pande zote mbili. Katikati ya miguu ni tupu na laini, na pale katikati ngozi ya kahawia ni nzima haijachubuka, maana yake hapajawahi kuwa na mstari. Ni Δ.

Halafu jina. Tumbo la chini la ile herufi limetokea nusu, sio la kutosha kumshawishi mtu mgumu. Nikaacha kulilazimisha, nikaenda kutazama juu ya kichwa ambako mimi na aliyeandika bahasha wote hatukuwa tumetilia maanani. Carus anaandikwa A K M A KAPOC CЄB. Probus anaandikwa A K M AVP ΠPOBOC CЄB, ni ndefu zaidi na ina ile Π, mlango wa nguzo mbili na kizingiti juu, ambayo jina la Carus halina kabisa. Mwanga wa kutoka kushoto ukatoa nguzo mbili zilizosimama karibu karibu, mwanga wa kutoka juu ukatoa kizingiti. Nikalinganisha na picha za sarafu za Probus zilizouzwa minadani, zipo nyingi kwenye acsearch, tovuti inayokusanya rekodi za minada ya sarafu, na kwa zenye maandishi ya namna hii Π inakaa maeneo yale yale.

Π na Δ. Probus, mwaka wa 4, 278 hadi 279.

Ukishapata jina ile sura inabadilika. Huyu ni mtu wa Sirmium, Serbia ya leo, mwanajeshi tangu ujana, alikaa miaka sita kwenye kiti ambacho wenzake wengi wa karne hiyo walikikalia miezi, na mwisho aliuawa na askari wake mwenyewe hapo hapo Sirmium mwaka 282. Wanahistoria wa kale wanasema walichoka kutumikishwa kwenye kazi za kukausha mabwawa. Mwaka sarafu hii inapigwa alikuwa amebakiza miaka kama mitatu.

5 Aprili: ni halisi? na hesabu

Ukaguzi wa ughushi nimeuacha mwisho ila wewe ufanye mwanzo. Ubavu wa sarafu hauna mstari wa kuunganisha vipande viwili vya kalibu, uso hauna vitobo vidogo vidogo vya mapovu ambavyo vinaonyesha shaba imemiminwa, herufi zina kingo za kugongwa kwa nyundo. Mbele na nyuma zimeelekeana, ukigeuza kama ukurasa wa kitabu tai anabaki amesimama, ndivyo Iskandaria walivyozoea kupiga. Uzito wa 7.84 upo kwenye kiwango cha tetradrakma za wakati huo. Na kwa bei ya Probus wa kawaida, anayeghushi hapati faida ya maana.

Matumizi: sarafu 24, mizani 11, kalipa ya kupimia upana 9, lenzi 7, maji 2, vibahasha visivyo na asidi 4. Jumla paundi 57. Lenzi ningeweza kuiacha, tochi ya simu imefanya kazi kubwa kuliko lenzi na haikunigharimu kitu. Mizani usiiache.

Muuzaji nimemwandikia nikamtumia picha mbili, ile yenye mstari wa Δ na ile yenye Π. Amekubali na amebadilisha rekodi yake.

Kibahasha kipya kinasomeka: Iskandaria, Probus, tetradrakma, tai mwenye taji mdomoni, LΔ, 278/279, mm 20, g 7.84. Kile cha 1971 nimekiweka humo humo pamoja na sarafu na hakitatoka, jina lililoandikwa juu yake sio sahihi lakini ndicho karatasi pekee inayoonyesha sarafu hii ilikuwa tayari mikononi mwa wakusanyaji kabla ya 1983. Atakayeipata baada yangu asikitupe.